Uraia, Mwajiri na Jeraha: Uchambuzi wa Kisa cha Fidia ya Bomu la Nairobi la 1998

Mtu akijeruhiwa na bomu ambalo hakulitega, katika ugomvi ambao hakuuanzisha, ni nani anayewajibika kumtibu, kumlipa na kuwatunza waliomtegemea? Nairobi imeishi na swali hili tangu Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, na kwa wengi wa walioumia siku hiyo, jibu ambalo sheria imewapa mpaka sasa ni kwamba hakuna anayewajibika. Wachache waliopata jibu tofauti hawakulipata kwa sababu waliumia zaidi ya wenzao. Walilipata kwa sababu ya uraia wao, au kwa sababu ya jina la mwajiri lililoandikwa kwenye hati ya mshahara wao. Uchambuzi huu unafuatilia jinsi hali hiyo ilivyotokea, kuanzia lango la ubalozi wa Marekani katikati ya jiji hadi makubaliano ya Washington na Khartoum ya mwaka 2020, na unadai kwamba sehemu kubwa ya lawama inayobaki leo si ya nchi za nje peke yake.

Asubuhi yenyewe

Ubalozi wa Marekani wakati huo ulikuwa kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, karibu na kituo cha gari moshi, mahali ambapo maelfu ya watu hushuka kwenye mabasi na matatu kila asubuhi. Nyuma yake lilikuwepo Jengo la Ufundi, lenye afisi ndogo ndogo na chuo cha uhazili, na kando yake jengo refu la Benki ya Ushirika. Jengo la ubalozi lilikuwa karibu mno na barabara, pasipo umbali wa takriban mita 30 ambao kanuni za Wizara ya Nje ya Marekani zenyewe zilikuwa zikiutaka kwa balozi zake. Balozi Prudence Bushnell alikuwa amewaandikia wakubwa wake Washington kuhusu hatari hiyo kabla ya shambulio. Aidha, mnamo Agosti 1997, mwaka mzima kabla, maafisa wa Marekani na polisi wa Kenya walikuwa wamepekua nyumba ya Wadih el-Hage jijini Nairobi, mtu ambaye baadaye alihukumiwa kwa kushiriki katika njama ya al-Qaeda, kundi la kigaidi lililofanya shambulio hili. Mambo haya mawili, barua za balozi na upekuzi wa 1997, yana uzito katika kisa hiki, kwa sababu yanaonyesha kwamba hatari haikuwa imejificha kabisa.

Ilipopita saa nne na nusu asubuhi, lori lilifika kwenye lango la nyuma. Mlinzi Mkenya ambaye hakuwa na bunduki alikataa kuinua kizuizi. Abiria wa lori alishuka, akawarushia walinzi guruneti la kishindo na kutimua mbio, huku mlio wa risasi ukisikika. Katika majengo ya jirani, makarani, wanafunzi wa chuo na wateja wa benki walifanya ambacho mtu yeyote wa mjini hukifanya akisikia kishindo barabarani: walisogea dirishani kutazama. Bomu lenyewe lililipuka muda mfupi sana baada ya hapo, na vioo vya madirisha vikaingia nyusoni mwao kama visu. Hiyo ndiyo sababu ya idadi kubwa ya watu waliopoteza macho siku ile, na ndiyo sababu pia majeraha ya macho yalitapakaa mbali na ubalozi, kwa watu waliokuwa ghorofani katika majengo ambayo hayakuanguka. Laiti kungekuwa na mlipuko mmoja tu, bila kishindo cha kwanza, wengi wao wangekuwa wameketi kwenye madawati yao.

Jengo la Ufundi liliporomoka. Basi lililokuwa likipita Haile Selassie Avenue liliungua na abiria wake. Waliouawa Nairobi walikuwa watu 213. Kati yao, Wamarekani walikuwa 12, na Wakenya walioajiriwa na ubalozi walikuwa zaidi ya 30. Waliobaki, zaidi ya 160, yaani zaidi ya robo tatu ya waliokufa, hawakuwa na uhusiano wowote na jengo lililolengwa isipokuwa kwamba walikuwa karibu nalo. Waliojeruhiwa walizidi 4,000. Dar es Salaam, ambako ubalozi wa huko ulishambuliwa dakika chache tu kabla au baada, walikufa watu 11.

Siku zilizofuata ziliacha kinyongo ambacho wageni wengi hawakukielewa. Wakati wananchi wa kawaida wakifukua vifusi vya Jengo la Ufundi kwa mikono, na wakati timu ya uokoaji kutoka Israeli ikisikiliza sauti ya mwanamke aliyekuwa amenaswa chini ya zege, na ambaye hatimaye alipatikana akiwa ameshafariki, wanajeshi wa Marekani walionekana wakilizunguka jengo lao na kuwazuia watu wasilikaribie. Ubalozi ulieleza kwamba uliogopa uporaji na kwamba jengo lilikuwa hatari. Pengine ni kweli. Lakini mstari uliochorwa pale, kati ya walio ndani ya ua na walio nje, ndio uliokuja kuandikwa katika sheria miaka iliyofuata.

Kombora la Khartoum

Tarehe 20 Agosti 1998, siku 13 baada ya mlipuko, Marekani ilijibu kwa makombora. Baadhi yaliangukia kambi katika eneo la Khost nchini Afghanistan, na mengine yakakibomoa kiwanda cha dawa cha al-Shifa huko Khartoum Kaskazini, nchini Sudan. Serikali ya Rais Bill Clinton ilidai kwamba sampuli ya udongo iliyochukuliwa karibu na kiwanda hicho ilikuwa na kemikali inayotumika kutengeneza gesi ya sumu. Kiwanda kilikuwa kikitengeneza dawa za binadamu na za mifugo, zikiwemo za malaria, na kilikuwa miongoni mwa vikubwa zaidi nchini humo. Mlinzi wa usiku aliuawa. Ushahidi wa silaha za kemikali haujawahi kuwekwa hadharani kwa namna iliyowaridhisha wachunguzi huru, na mnamo 1999 serikali ya Marekani iliziachilia fedha za mmiliki wa kiwanda ilizokuwa imezizuia, pasipo kukiri kosa lolote.

Uamuzi wa kupiga ulifanywa Washington, kwa jina la waliouawa Nairobi miongoni mwa wengine, ilhali maiti kadhaa Nairobi zilikuwa bado zinasubiri kutambuliwa na jamaa zao. Hatua hiyo haikumtibu majeruhi hata mmoja wa Haile Selassie Avenue. Iliongeza tu orodha ya watu wasio na wa kumshtaki. Mmiliki wa kiwanda alikwenda mahakamani Marekani kudai fidia na kulisafisha jina lake, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba suala la ikiwa kiwanda kile kilistahili kupigwa ni la kisiasa, ambalo majaji hawana mamlaka ya kuliingilia. Mlinzi aliyekufa Khartoum na karani aliyekufa Nairobi walikuwa upande mmoja wa sheria: wote wawili walikufa kutokana na maamuzi ya wengine, na familia zao zote mbili hazikuwa na mahakama ya kuwasikiliza.

Milango ya mahakama

Hapa ndipo kisa chenyewe kinapokaa, na panahitaji kusomwa polepole.

Kesi ya jinai ilienda vizuri kwa kipimo cha kawaida. Mwaka 2001, jijini New York, wanaume wanne walipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha maisha, akiwemo yule aliyerusha guruneti langoni na kukimbia. Jaji pia aliwaamuru walipe dola milioni 33: milioni 7 kwa familia za waliouawa, na milioni 26 kwa serikali ya Marekani. Ni amri ambayo wafungwa wa maisha hawawezi kuitekeleza, na kwa hiyo inafaa kusomwa kama kauli tu. Lakini hata kama kauli, mgawanyo wake unazungumza, kwa kuwa serikali iliyopoteza jengo na mali ilitengewa karibu mara nne ya waliopoteza watu.

Wakenya wa kawaida walijaribu mlango wao wenyewe. Maelfu yao waliishtaki serikali ya Marekani katika mahakama za Washington, wakidai kwamba ilizembea, kwamba ilijua ubalozi ulikuwa hatarini na haikuwalinda wala kuwaonya majirani zake. Kesi ilitupwa, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Sababu zilikuwa mbili zinazofaa kukumbukwa. Kwanza, uamuzi wa jinsi ya kuulinda ubalozi, wa kutumia fedha ngapi na wapi, ni wa kisera, na sheria ya Marekani inaikinga serikali yake dhidi ya kesi zinazohusu maamuzi ya aina hiyo. Pili, walinzi wa langoni waliajiriwa na kampuni ya kandarasi, kwa hiyo makosa yao, kama yalikuwepo, hayakuwa makosa ya serikali ya Marekani.

Mwaka 2008, Bunge la Marekani lilibadilisha sheria ya kushtaki mataifa ya nje. Kupitia kifungu kilichowekwa ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi, liliwaruhusu waathiriwa wa ugaidi kuyashtaki moja kwa moja mataifa yaliyomo katika orodha ya Marekani ya wafadhili wa ugaidi, ambayo Sudan iliingizwa mwaka 1993. Ila haki hiyo ilipewa makundi maalumu tu: raia wa Marekani, wanajeshi wake, wafanyakazi wa serikali yake, na wafanyakazi wa wakandarasi wake waliokuwa kazini. Mlinzi wa kampuni ambaye mwaka 2003 hakuwa mtu wa Marekani lilipokuja suala la nani alaumiwe, sasa alikuwa mtu wa Marekani lilipokuja suala la nani alipwe. Simwonei kijicho hata kidogo. Alisimama langoni bila silaha akakataa kulifungua, na anastahili kila senti. Ninachosema ni kwamba sheria ilijua kulinyoosha na kulikunja duara lake kadiri ilivyohitaji, na kila mara ilipolichora, mwanamke aliyekuwa akichapa barua katika Jengo la Ufundi alibaki nje.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tofauti ionekane. Matarishi wawili wanapanda Moi Avenue asubuhi ile. Mmoja ameajiriwa na ubalozi na anapeleka bahasha benki. Mwingine ameajiriwa na afisi ya wakili katika jengo la jirani, na anapeleka bahasha ubalozini. Wanapishana kwenye kona, kila mmoja anapoteza jicho la kulia. Kwa sheria ya 2008, wa kwanza aliweza kuishtaki Sudan mjini Washington. Wa pili hawezi kumshtaki mtu yeyote, mahali popote. Mahakama za Kenya hazina sheria inayoiondolea nchi ya nje kinga yake kwa sababu ya ugaidi, na mahakama za Marekani zimekwisha kumfungia.

Kesi dhidi ya Sudan ziliendelea kwa miaka mingi, sehemu kubwa yake bila Sudan kujitokeza kujitetea, ingawa Khartoum ilikuwa ikikana kuhusika. Msingi wa hukumu ulikuwa kwamba Sudan ilimpa hifadhi Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, na watu wake kuanzia 1991 hadi 1996 na kuwarahisishia kazi. Mwaka 2014 hukumu zilifikia jumla ya zaidi ya dola bilioni 10, na zaidi ya bilioni 4 kati ya hizo zilikuwa fidia za kuadhibu. Mahakama ya rufaa iliiondoa sehemu hiyo ya adhabu mwaka 2017. Mahakama ya Juu ya Marekani ikairejesha mwezi Mei 2020.

Mezani bila Nairobi

Wakati huo hali ya Sudan ilikuwa imebadilika. Omar al-Bashir, aliyekuwa mtawala wakati bin Laden akiishi Khartoum, aliangushwa Aprili 2019 baada ya maandamano yaliyoanza Desemba 2018, pale bei ya mkate ilipopanda. Serikali ya mpito ilirithi nchi iliyofilisika na jina lililochafuka, na ilihitaji kutolewa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi ili iweze kukopa na kufanya biashara na dunia. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 335. Sudan ililipa, ikatolewa kwenye orodha tarehe 14 Desemba 2020, na kabla mwezi huo haujaisha Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoirudishia Sudan kinga yake ya mahakamani, isipokuwa kwa kesi za mashambulio ya Septemba 2001. Mwishoni mwa Machi 2021 Washington ilitangaza kuwa imezipokea fedha.

Watu waliokuwa wamepanga foleni za mkate na kumwangusha Bashir kwa damu yao ndio waliolipa deni la Bashir. Hili halisemwi sana Nairobi, kwa sababu sisi tuna machungu yetu, lakini ni sehemu ya kisa hiki. Fidia ya mwathiriwa mmoja ilitoka mfukoni mwa mwathiriwa mwingine.

Fedha hizo ziligawanywaje? Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa wakati huo, familia ya Mmarekani aliyeuawa ilitengewa takriban dola milioni 10, na familia ya mfanyakazi wa ubalozi asiye raia wa Marekani ilitengewa dola 800,000. Mmoja alihesabiwa mara kumi na mbili na nusu ya mwingine, ingawa waliuawa katika jengo moja, kwa bomu moja, wakiwa wameajiriwa na serikali moja. Kundi lililolalamika kwa nguvu zaidi lilikuwa la wale waliokuwa wafanyakazi wa kigeni mwaka 1998 na ambao baadaye walihamia Marekani na kupewa uraia. Bunge la Marekani liliwasikiliza, na likatenga dola milioni 150 za ziada hasa kwa ajili ya kuwasawazisha na wenzao. Kwa maneno mengine, mtu aliyepata pasipoti ya Marekani miaka kadhaa baada ya kujeruhiwa aliongezewa thamani ya jeraha lake la zamani. Sijapata kuona mahali pengine ambapo kanuni iliyofichika ndani ya utaratibu mzima imejianika hivyo.

Wapita njia, wateja wa benki, wanafunzi wa uhazili, abiria wa basi na wachuuzi wa kando ya barabara hawakupata chochote katika makubaliano hayo. Hawakuwa wamesahauliwa kwa bahati mbaya. Hawakuwa katika tabaka la watu ambao sheria ya 2008 iliwatambua, na makubaliano yalikuwa ya kufunga kesi zilizopo. Kinga ya Sudan iliporudishwa, hata ule uwezekano wa kinadharia wa kupanua tabaka hilo baadaye ulizimwa.

Wapo wanaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba hakuna nchi inayoweza kuifanya mahakama yake kuwa ya dunia nzima, na kwamba fedha zilizopatikana zingegawanywa kwa watu wote zingekuwa kama tone baharini. Sehemu ya kwanza ya hoja ina nguvu. Ya pili haina. Dola milioni 335 zikigawanywa sawasawa kwa watu 4,300, kwa mfano, kila mmoja hupata karibu dola 78,000. Kwa mama aliyepoteza macho na kibanda chake cha nguo, hizo ni fedha za nyumba, karo ya watoto hadi chuo kikuu na matibabu ya maisha. Ni kweli zingehitajika pia kwa madai mengine yaliyokuwemo katika makubaliano hayo, lakini hata nusu ya kiasi hicho si tone.

Msaada uliokuja, na ulipoishia

Haki inataka isemwe kwamba Marekani haikuondoka mikono mitupu. Katika miaka ya kwanza ilitoa makumi ya mamilioni ya dola kupitia shirika la USAID kwa ajili ya matibabu, ushauri nasaha, karo za watoto wa waliouawa, mafunzo kwa waliopoteza uwezo wa kuona, na ukarabati wa majengo na biashara. Watu wengi walisaidika. Shida ya msaada wa namna hiyo ni kwamba una tarehe ya mwisho, na miradi ilipofungwa miaka michache baadaye, majeraha hayakufungwa nayo.

Jicho bandia halivaliwi mara moja likaisha. Hulazimu lisafishwe na fundi, na kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa kadiri tundu la jicho linavyobadilika umbo. Vipande vya kioo vilivyozama mwilini siku ile vimeendelea kujitokeza katika ngozi za baadhi ya manusura miaka mingi baadaye, kila kimoja kikihitaji daktari, na daktari akihitaji fedha. Aliyepoteza uwezo wa kusikia vizuri hapandishwi cheo kazini, na pengine hata haajiriwi. Mtoto aliyelipiwa karo kwa miaka mitatu alifika kidato cha pili na kukuta mradi umekwisha. Msimamo wa Washington tangu hapo umekuwa kwamba waliofanya uovu ni magaidi, na kwamba ilichotoa ilikitoa kwa hiari. Kisheria, msimamo huo umesimama.

Upande wa Kenya

Lakini kuna nchi moja ambayo haihitaji sheria ya Marekani ili iwatambue watu hawa, nayo ni nchi yao. Hapa ndipo manusura wamepigwa danadana kwa muda mrefu zaidi, na pasipo kisingizio cha uraia.

Katika sheria ya kimataifa, dola ina uwezo wa kuyabeba madai ya raia wake na kuyapeleka kwa dola nyingine. Marekani ilifanya hivyo hasa mwaka 2020: iliketi na Sudan kwa niaba ya watu wake, ikataja bei, ikaifunga kesi. Kenya ilikuwa na waliokufa wengi mara nyingi zaidi, shambulio lilifanyika katika ardhi yake, na Sudan ni nchi ya kanda hii ambayo Nairobi imesuluhisha migogoro yake kwa miongo kadhaa. Makubaliano yalipofungwa, Kenya haikuwa mezani. Wakati wa kudai ulikuwa kabla Washington haijapokea fedha, siku ambazo Khartoum ilikuwa ikihitaji kila rafiki. Baada ya hapo, na hasa tangu vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 na kuuharibu mji wa Khartoum wenyewe, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeitarajia nchi hiyo ilipe tena.

Ndani ya nchi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 ilianzisha mfuko wa kuwafidia waathiriwa wa ugaidi. Ilipitishwa mwaka mmoja baada ya majeshi ya Kenya kuvuka mpaka na kuingia Somalia, Oktoba 2011, na kwa hiyo ilitungwa na watu waliojua kwamba nchi sasa ilikuwa sehemu ya vita na ingelipiziwa. Ililipiziwa kweli: Westgate mwaka 2013, ambako watu 67 waliuawa, na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako waliuawa 148. Mwaka 1998 Wakenya waliweza kusema, kwa haki, kwamba walikufa katika ugomvi wa watu wengine. Baada ya 2011 usemi huo haukutosha tena, kwa kuwa serikali yao ilikuwa imefanya uamuzi wake yenyewe wa kupeleka wanajeshi nje, na anayefanya uamuzi kama huo anapaswa kuzihesabu gharama zake nyumbani pamoja na za mstari wa mbele. Hata hivyo waathiriwa na mawakili wao wameendelea kulalamika kwamba mfuko huo umebaki kwenye karatasi. Mwaka 2023 Seneti iliunda kamati maalumu kuhusu fidia ya waathiriwa wa 1998, ikawasikiliza manusura waliokuwa wamezeeka wakisubiri. Kusikilizwa ni jambo jema, ila kamati haina hundi.

Pale ubalozi uliposimama sasa pana bustani ya ukumbusho, iliyofunguliwa mwaka 2001, yenye ukuta wa majina na kiingilio kidogo. Majina yamechongwa bila kutajwa mwajiri. Ni orodha pekee ya umma ninayoifahamu ambamo mfanyakazi wa ubalozi na mpita njia wana hadhi moja, na ina upungufu mmoja mkubwa: inawahusu waliokufa tu. Walio hai hawana orodha kama hiyo.

Ukosefu wa orodha hiyo ndio, kwa maoni yangu, kikwazo kikubwa kuliko hata ukosefu wa fedha, kwa sababu kila anayeombwa fedha huuliza kwanza ni watu wangapi, na ni kina nani. Kadi za hospitali za 1998 zimechakaa au zimepotea. Waajiri wa wakati huo wamefunga biashara. Majina yaliyoandikwa na mashirika ya misaada yaliandikwa kwa mahitaji ya miradi, si kwa mahitaji ya mahakama, na yapo kwenye makabati ya taasisi mbalimbali. Wapo pia wanaojidai waathiriwa na hawakuwepo, jambo ambalo viongozi wa manusura wenyewe hulizungumzia kwa uchungu, kwa kuwa kila mdanganyifu mmoja humpa mwenye mamlaka sababu ya kuwakataa kumi wa kweli. Aliyekuwa na miaka 40 siku ile anakaribia 70 sasa, na kila mwaka unaopita unapunguza wadai na mashahidi kwa pamoja.

Seneti ingeweza kuamuru orodha hiyo itengenezwe na kuhakikiwa katika mwaka mmoja wa fedha: jina, jeraha, uthibitisho wa daktari, wanaomtegemea. Ikishakuwepo, hatua zinazofuata zinapungua ugumu. Mfuko wa 2012 unaweza kuanza na jambo dogo lisilobishaniwa, kama vile matibabu ya bure ya macho, masikio na ngozi kwa kila aliyemo, katika hospitali za umma. Wizara ya Mambo ya Nje nayo inaweza kwenda Washington kuomba mfuko wa kudumu wa matibabu, jambo ambalo Bunge la Marekani lilionyesha kwa zile dola milioni 150 kwamba huliweza likitaka, na ikaenda ikiwa na majina mkononi badala ya hotuba. Kuitengeneza orodha hakuhitaji idhini ya Marekani wala ya Sudan. Kunahitaji makarani, madaktari wachache wa macho, na fungu katika bajeti ya Kenya ambalo halijawahi kutengwa.